Kupima Pete ya Vali ya Aota kwa Eko na CT Kabla ya Kuweka Vali Bandia: Mwongozo Kamili

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wenzetu wa vyumba vya eko (picha za moyo kwa mawimbi ya sauti) na CT (picha za mionzi za mkato kwa mkato) ni hili: kwa nini pete ya vali ya aota niliyoisoma mimi kuwa milimita 21 imesomwa 24 huko mgonjwa alikopelekwa? Mashine ni nzima, mgonjwa ni yuleyule, mara nyingine hata picha ni zilezile. Karibu kila mara jibu ni kwamba mmoja wenu alichora mstari kabla hajazipata bawaba tatu za vali, yaani sehemu za chini kabisa ambapo majani yake yamejishika ukutani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kosa hilo. Unawahusu madaktari, wateknolojia wa mionzi na wanaofanya eko Dodoma, Singida na wilaya za jirani. Huku kwetu mgonjwa wa Kondoa au Manyoni akirudishwa kupimwa upya, familia inatafuta nauli mara ya pili na figo zake zinapokea dawa ya kontrasti (ya kung'arisha damu kwenye picha) mara ya pili. Ndugu wa mgonjwa naye anaweza kuusoma akaelewa kinachofanyika, ila uamuzi wa saizi ya vali ni wa timu nzima ya moyo, hautolewi na mtu mmoja mbele ya skrini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kuhusu mgonjwa:

- Urefu na uzito vilivyopimwa siku hiyohiyo. Usikubali vya kukadiria.
- Kreatinini ya karibuni na eGFR yake, vipimo vya utendaji wa figo.
- ECG (mchoro wa umeme wa moyo), ili ujue kama mapigo yanakwenda sawa au yanarukaruka.
- Orodha ya dawa anazotumia, na historia ya mzio.
- Kipimo cha ujauzito kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa.

Kuhusu chumba:

- Mashine ya eko yenye nyaya za ECG zinazofanya kazi. Bila ECG hutajua uko sehemu gani ya pigo.
- CT ya safu 64 au zaidi, inayoweza kuoanisha picha na ECG.
- Kanula ya geji 18, pampu ya kusukuma kontrasti, na saline ya kuifuata.
- Kompyuta yenye programu ya kukata picha upya katika pande tatu, na inayokuruhusu kuzungusha kila upande kwa mkono.
- Jedwali la saizi la mtengenezaji wa vali husika, toleo la sasa.
- Fomu ya ripoti yenye nafasi ya kila kipimo. Fomu tupu ndiyo inayokukumbusha ulichosahau.

## Unachokipima ni kitu gani

Vali ya aota, mlango kati ya moyo na mshipa mkuu wa aota, ina majani matatu, yanayoitwa kwa koronari, mishipa inayoulisha moyo: la koronari ya kulia, la koronari ya kushoto, na lisilo na koronari. Kila jani limejishika ukutani kwa mstari uliopinda, na sehemu ya chini kabisa ya mstari huo ndiyo ninayoiita bawaba. Bapa moja, yaani uso mmoja tambarare, likipita katika bawaba zote tatu, hapo ndipo pete ilipo. Huwezi kuigusa pete hii hata kifua kikiwa wazi, kwa kuwa ni ya kufikirika. Lakini ndiyo sehemu ambayo vali ya kupitishwa kwenye mshipa hubana na kukaa.

Mambo mawili kuihusu ndiyo chanzo cha makosa mengi. La kwanza, pete si duara. Kwa watu wengi ina umbo la yai, na kipenyo kirefu kinaweza kukizidi kifupi kwa milimita tano au zaidi. La pili, imelala mshazari mwilini, kwa hiyo hakuna picha ya kawaida ya CT inayoikata sawasawa. Ukikata muhogo kwa mshazari unapata kipande kirefu kuliko unene wa muhogo wenyewe. Bapa lililoinama hufanya hivyohivyo kwa pete, na namba unayoipata inakuwa ya mkato wako, si ya mgonjwa.

## Hatua ya 1: Anza na eko ya kifuani

Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, pata picha ndefu ya pembeni mwa mfupa wa kifua, kisha ikuze mpaka vali na njia ya kutokea damu (sehemu ya moyo iliyo chini tu ya vali) vijaze skrini. Simamisha picha katikati ya sistoli (moyo unapokaza), majani yakiwa yamefunguka. Pima kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, pale majani yanaposhikamana na ukuta, mstari ukiwa wima kwa mhimili wa aota. Rudia kwa mapigo matatu. Kama moyo unarukaruka, chukua matano, kisha tafuta wastani.

Sababu. Kipenyo hiki kinaingia pia katika hesabu ya eneo la vali, na humo kinapigwa mraba. Ukisoma 19 badala ya 21, eneo la njia ya kutokea damu linashuka kutoka sentimita za mraba 3.46 hadi 2.83. Mgonjwa yuleyule anaweza kuonekana ana ufinyu mkali wa vali kwa sababu ya milimita mbili tu. Ndiyo maana kipenyo kisisomwe peke yake: ufinyu mkali huambatana na kasi ya damu ya mita 4 kwa sekunde au zaidi, wastani wa tofauti ya presha wa 40 mmHg au zaidi, na eneo la vali la sentimita ya mraba 1 au pungufu. Vigezo hivyo vikipingana, rudi kwenye kipenyo kwanza kabla hujatafuta maelezo mengine.

Tahadhari. Bonge la kalsiamu hutupa kivuli na huonekana kubwa kuliko lilivyo. Usilichukulie kuwa ukuta. Na kumbuka kwamba eko ya pande mbili hukata pete mara moja tu, mara nyingi karibu na kipenyo kifupi. Kwa hiyo kwa kawaida husoma ndogo kuliko CT. Hapo hakuna mashine iliyokosea. Kila moja imepima kitu tofauti.

Ukifanikiwa: mapigo matatu yanakupa namba zinazopishana kwa milimita 1 au chini ya hapo, na bawaba zote mbili zinaonekana wazi katika picha uliyoihifadhi.

## Hatua ya 2: Jua vali itawekwa kwa njia gani

Usimpeleke kila mgonjwa CT. Katika mazingira yetu wengi wenye ugonjwa wa vali ni vijana walioumizwa na homa ya baridi yabisi ya moyo, na mara nyingi vali ya mitrali nayo imeguswa. Hao kwa kawaida huenda kwenye upasuaji wa kufungua kifua. Vali yao huwa inavuja, imekakamaa, lakini kalsiamu ni kidogo, na vali ya TAVI inayopitishwa kwenye mshipa wa paja inahitaji kitu cha kung'ang'ania.

Kwa upasuaji, saizi ya mwisho huamuliwa mezani, daktari akipitisha vipimio vya mtengenezaji baada ya kusafisha kalsiamu. Kazi ya picha hapa ni kumwonya mapema. Namba iliyoandikwa juu ya vali, mathalani 21, si kipenyo cha tundu la ndani, na 21 ya kampuni moja si sawa na 21 ya nyingine. Kwa hiyo mpe daktari kitu kingine pia: kiwango cha chini cha eneo la tundu ambacho mwili wa mgonjwa huyu unahitaji.

Hesabu yake ni fupi. Zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3600, tafuta kipeo cha pili. Mama wa sentimita 158 na kilo 62 ana eneo la mwili la mita za mraba 1.65. Zidisha kwa 0.85, unapata sentimita za mraba 1.40. Vali ambayo tundu lake linapitisha pungufu ya hapo itakuwa ndogo kwake, na ikishuka chini ya 1.07, yaani 0.65 mara 1.65, itakuwa ndogo kwa kiwango kikali: moyo utaendelea kusukuma dhidi ya kizuizi hata baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Kwa mtu mnene mwenye BMI ya 30 au zaidi, tumia 0.70 na 0.55 badala yake.

Pete ikiwa ndogo kuliko mahitaji hayo, daktari wa upasuaji anajiandaa kuipanua kwa kiraka. Nicks alieleza njia yake ya kupanua mwaka 1970, Manouguian yake mwaka 1979, na zote mbili bado zinatumika. Lakini apewe taarifa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, asiigundue humo.

Hatua zinazofuata ni za mgonjwa anayefikiriwa kwa TAVI, na za yule wa upasuaji ambaye eko yake haieleweki.

## Hatua ya 3: Mwandae mgonjwa kwa CT

Mgonjwa wetu wa kawaida wa kundi hili ni mzee. Ametoka Mpwapwa au Bahi kwa basi la alfajiri, hajala, hajanywa, na jua la Dodoma limeshamkausha. Moyo wenye ufinyu mkali wa vali hauvumilii kukauka, na figo zilizokauka hazivumilii kontrasti. Mwambieni mapema, kwa simu, kwamba maji anaruhusiwa. Kama kituo chako kinazuia chakula saa chache kabla, kisizuie maji ya kawaida.

eGFR ikiwa chini ya 30, simama. Zungumza na daktari wa figo na timu ya moyo kabla ya kudunga chochote. Kuna eko ya pande tatu ya kupitia umio, ambayo inaweza kupima pete bila kontrasti. Kwa kiwango hicho cha eGFR, metformini, dawa ya kisukari, nayo husimamishwa.

Tahadhari kubwa. Katika CT ya mishipa ya koronari tumezoea kumpa mgonjwa nitrogliserini chini ya ulimi na dawa ya kushusha mapigo. Mgonjwa mwenye ufinyu mkali wa vali ya aota usimpe nitrogliserini: presha inaweza kuanguka ghafla naye asirudi. Dawa ya kushusha mapigo asipewe kwa mazoea. Daktari anayemfahamu aidhinishe na awepo. Kwa kupima pete tunaweza kuvumilia mapigo ya haraka kiasi.

Mfanyishe mazoezi ya kushika pumzi kabla hajalala mezani. Msalimie, kaa karibu, mweleze kwa lugha anayoielewa. Bibi anayezungumza Kigogo zaidi ya Kiswahili anaelekezwa vizuri na mjukuu aliyemleta kuliko na sauti iliyorekodiwa ndani ya mashine. "Vuta pumzi kidogo, bibi, ishike, usisukume." Akisukuma, damu inayorudi moyoni inapungua na kontrasti inachelewa kufika.

Ukifanikiwa: anashika pumzi sekunde 10 mara mbili mfululizo bila kujikaza, na unaliona wimbi la R (kilele cha kila pigo) kwenye ECG likiwa refu na safi.

## Hatua ya 4: Chukua picha

Weka kanula mkono wa kulia. Ukidunga mkono wa kushoto, kontrasti nzito hupita mbele ya upinde wa aota na kuchafua picha kwa michirizi.

Kiasi cha kontrasti kwa kawaida ni mililita 50 hadi 100, kwa kasi ya mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, ikifuatwa na saline. Weka kituo cha kufuatilia katika aota inayopanda, ili mashine ianze yenyewe kontrasti ikifika.

Kusanya picha za moyo zikiwa zimeoanishwa na ECG kwa pigo zima, au angalau sistoli yote, kwa unene usiozidi milimita 1. Baada ya hapo endelea bila kuoanisha, kutoka kifuani hadi kwenye paja, kwa ajili ya mishipa ya kupitishia vali. Wengi husahau sehemu hii ya pili. Mgonjwa akifika anakopelekwa bila picha za kinena, atadungwa kontrasti upya.

Ukifanikiwa: aota inang'aa kwa zaidi ya vizio 250 vya Hounsfield (kipimo cha mng'ao kwenye CT), na ukuta wa moyo hauna ngazi-ngazi. Ngazi zikionekana mahali pa pete, usipime. Jaribu kuunda picha upya kwa kipindi kingine cha pigo; usipofanikiwa, andika wazi kwamba kipimo hakitegemeki.

## Hatua ya 5: Chagua kipindi cha pigo

Kwa watu wengi pete huwa kubwa zaidi wakati wa sistoli. Kwa hiyo tengeneza picha kati ya asilimia 20 na 40 ya muda wa R hadi R, kila baada ya asilimia 5, uzipitie zote. Chagua ile ambayo pete ni kubwa na kingo zake ni safi. Andika asilimia uliyotumia.

Ukipima kwenye diastoli (moyo unapolegea) kwa sababu tu picha ni nzuri zaidi, unajitengenezea pete ndogo na vali ndogo. Vali ndogo huvuja pembeni, na ikilegea zaidi inaweza kuhama mahali pake.

## Hatua ya 6: Zipate bawaba tatu

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mimi ningependa mtu atumie dakika 20 hapa na dakika 2 kwenye kuchora, kuliko kinyume chake. Programu zenye kitufe cha kutafuta pete zenyewe zinasaidia kuanza, lakini zinadanganyika kirahisi na kalsiamu. Jifunze kwa mkono kwanza.

6a. Fungua pande tatu kwa pamoja. Weka msalaba wa mistari katikati ya vali. Katika upande wa mbele na upande wa ubavu, zungusha mistari mpaka mmoja ufuate mhimili wa njia ya kutokea damu na mwingine uikate kwa pembe mraba. Upande wa tatu sasa unakuonyesha vali ikikatwa takriban sawasawa. Upande huu nitauita dirisha la kazi.

6b. Katika dirisha la kazi, panda mpaka uone sinasi zote tatu za Valsalva, vifuko vya aota vilivyo juu ya kila jani. Zitambue kwa majina. Ya koronari ya kulia iko mbele. Isiyo na koronari inatazama ukuta unaotenganisha atria mbili. Iliyobaki ni ya kushoto. Usiendelee kabla hujazitambua. Ukichanganya sinasi hapa, urefu wa koronari utakaoandika baadaye utakuwa wa mshipa mwingine.

6c. Shuka polepole, ukilitazama jani la koronari ya kulia peke yake. Litapungua, litakuwa nukta, kisha litatoweka. Rudi nusu milimita. Nukta hiyo ndiyo bawaba ya kwanza. Weka kitovu cha msalaba juu yake hasa.

6d. Bila kusogeza kitovu, zungusha mistari ndani ya dirisha la kazi mpaka mmoja upite kuelekea jani lisilo na koronari. Nenda kwenye upande wa wima unaotokana na mstari huo. Utaiona bawaba ya kwanza, na ng'ambo yake sehemu ya chini ya jani lisilo na koronari. Inamisha bapa la kazi mpaka liziguse zote mbili. Sasa una bawaba mbili.

6e. Imebaki ya kushoto. Shika mhimili unaopita bawaba mbili za kwanza, usiuachie, kisha inamisha bapa kuuzunguka mhimili huo katika upande mwingine wa wima mpaka liguse sehemu ya chini ya jani la kushoto. Wengi wanaharibu hapa kwa kusogeza kitovu badala ya kuinamisha bapa. Ukihisi umepoteza bawaba ya kwanza, usirekebishe kidogokidogo. Rudi 6c.

6f. Jaribio la kukuhakikishia. Panda milimita 1: nukta tatu za majani zitokee kwa pamoja. Shuka milimita 1 chini ya pete: zitoweke kwa pamoja. Jani moja likitokea kabla ya mengine, bapa limeinama upande huo. Rekebisha, ujaribu tena.

Ukifanikiwa: ukipanda na kushuka, majani matatu yanazaliwa na kufa kwa wakati mmoja. Lisipotokea hilo, usiguse kalamu ya kuchorea.

Vali ya majani mawili. Baadhi ya wagonjwa wamezaliwa na vali ya namna hii. Pale majani mawili yalipoungana na kuacha mshono, bawaba tatu bado zipo. Zitafute kwa njia hiyohiyo. Pasipo mshono wowote, bawaba ni mbili, na bapa linakosa nguzo ya tatu: liweke wima kwa mhimili wa njia ya kutokea damu, na uandike kwenye ripoti kwamba ndivyo ulivyofanya. Kwa hawa ongeza kipimo cha umbali kati ya mishono ya majani, milimita 4 juu ya pete, kwa kuwa mara nyingine pale ndipo vali itakapobanwa zaidi.

## Hatua ya 7: Chora mzingo

Fungua upana wa mng'ao kwanza, yaani punguza ukali wa nyeupe, ili kalsiamu isionekane imevimba. Kisha fuata mpaka kati ya damu na ukuta. Weka nukta chache zenye mpangilio, uiache programu ilainishe. Mstari wenye meno-meno huongeza mzingo bila kuongeza eneo, na vali zinazochaguliwa kwa mzingo zitakupotosha.

Bonge la kalsiamu likijitokeza ndani, usilizunguke. Pitisha mstari kana kwamba ukuta unaendelea chini yake, halafu andika bonge hilo liko chini ya jani gani na limeshuka kiasi gani.

Pima pia kipenyo kirefu zaidi na kipenyo kifupi zaidi.

## Hatua ya 8: Fanya hesabu, kisha ijaribu

Tuseme programu imekupa kipenyo kirefu 26.4, kifupi 20.8, eneo milimita za mraba 431, na mzingo milimita 74.4.

- Kipenyo kutokana na eneo: gawanya 431 kwa 3.14, tafuta kipeo cha pili, zidisha kwa 2. Ni 23.4.
- Kipenyo kutokana na mzingo: gawanya 74.4 kwa 3.14. Ni 23.7.
- Wastani wa vipenyo viwili: 23.6.

Namba hizi tatu zinakaribiana, na hilo ni jema. Lipo jaribio jingine ambalo halihitaji mashine: kipenyo cha mzingo hakiwezi kamwe kuwa kidogo kuliko kipenyo cha eneo. Kwenye duara kamili vinalingana, na kadiri umbo linavyorefuka, cha mzingo kinazidi. Ukikuta kinyume, umekosea kuandika au kuchora. Ukikuta cha mzingo kimezidi kwa milimita 2 ilhali yai si refu sana, mstari wako una meno.

Sasa angalia eko ingesema nini. Ingekata karibu na kipenyo kifupi, isome 21. Mtu akiichukulia pete kuwa duara la 20.8, eneo linakuwa 340. Amepoteza zaidi ya moja ya tano ya pete ya mgonjwa kwa kalamu tu.

## Hatua ya 9: Nenda kwenye jedwali la saizi

Kila aina ya vali ina kigezo chake, na hili lisichanganywe. Vali zinazopanuliwa kwa puto, kama SAPIEN 3, huchaguliwa kwa eneo. Zinazojipanua zenyewe, kama Evolut R, huchaguliwa kwa mzingo.

SAPIEN 3, eneo la pete kwa milimita za mraba:

- saizi 20: 273 hadi 345
- saizi 23: 338 hadi 430
- saizi 26: 430 hadi 546
- saizi 29: 540 hadi 683

Evolut R, mzingo kwa milimita:

- saizi 23: 53.4 hadi 62.8
- saizi 26: 62.8 hadi 72.3
- saizi 29: 72.3 hadi 81.7
- saizi 34: 81.7 hadi 94.2

Mfano wetu wa mzingo 74.4 unaangukia vizuri katika Evolut R ya 29. Lakini kwa SAPIEN 3, eneo la 431 limekaa mpakani kabisa, na wagonjwa wa mpakani ndio wanaohitaji akili.

Pima vali inazidi pete kwa asilimia ngapi: gawanya eneo la vali ikiwa imepanuka kamili kwa eneo la pete, toa 1, zidisha kwa 100. Eneo la saizi 23 ni 409, kwa hiyo inapungua kwa asilimia 5, na hatari yake ni kuvuja pembeni. Eneo la saizi 26 ni 519, inazidi kwa asilimia 20, na hatari yake ni kupasua pete. Kuzidi kwa asilimia 20 au zaidi, hasa kukiwa na bonge la kalsiamu chini ya pete, ndiyo hali inayohusishwa na kupasuka, na kupasuka huua mezani. Ndiyo maana nilikuambia uandike bonge liko wapi. Kama njia ya kutokea damu ni laini, timu inaweza kufikiria 26 iliyojazwa puto pungufu kidogo. Kama ina bonge, inaweza kuhamia vali inayojipanua. Kazi yako ni kuwawekea ukweli wote mezani, usiwachagulie upande kwa kusogeza namba kutoka 431 kwenda 425.

## Hatua ya 10: Pima majirani wa pete

Pete ikikaa sawa, vilivyobaki vinakwenda haraka.

Urefu wa koronari: kutoka bapa la pete, wima, hadi ukingo wa chini wa tundu la koronari ya kushoto, kisha ya kulia. Ukiwa chini ya milimita 12, na hasa chini ya 10, jani la zamani linaweza kusukumwa likaziba tundu. Hatari huongezeka sinasi zikiwa na upana chini ya milimita 30, kwa kuwa jani halina pa kwenda. Vipimo hivi viwili visomwe pamoja.

Njia ya kutokea damu: milimita 3 hadi 5 chini ya pete, eneo na kalsiamu.

Aota: upana wa sinasi zote tatu, maungio ya sinasi na bomba, na aota inayopanda.

Mishipa ya paja na nyonga: kipenyo kidogo kabisa cha ndani kila upande, mizunguko, na kalsiamu iliyozunguka duara zima. Evolut R za 23 hadi 29 zinahitaji angalau milimita 5.0, SAPIEN 3 za 20 hadi 26 zinahitaji 5.5, na ya 29 inahitaji 6.0.

Pembe ya mashine ya angio (ya eksirei ya mishipa): programu nyingi huitoa zenyewe bapa likishawekwa, ile inayoziweka bawaba tatu kwenye mstari mmoja. Iandike. Inamwokolea daktari kontrasti siku ya kazi.

## Hatua ya 11: Msomaji wa pili, kisha kutuma

Mwenzako apime kuanzia Hatua ya 5 bila kuona namba zako. Mkiangukia saizi moja, andikeni wastani. Mkiangukia saizi mbili tofauti, msigawanye katikati: kaeni pamoja, fanyeni jaribio la 6f kwa bapa zote mbili, muone lipi limeinama.

Iwe mgonjwa anaendelea Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma au anapelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zitangulie picha zenyewe. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haipimiki. Hakuna anayeweza kuinamisha bapa ndani yake. Tuma mafaili kamili ya DICOM (muundo asilia wa picha za hospitali), kipindi cha sistoli chenye unene mdogo pamoja na picha za kinena, kwenye CD au flashi, na nakala ibaki kwenu. Anayepanda treni ya SGR na mgonjwa abebe flashi hiyo kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la nguo.

Kabla hawajaondoka, ifungue flashi kwenye kompyuta nyingine, hesabu mafungu ya picha, hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa ni vya mgonjwa huyu. Ambatisha ripoti yenye urefu, uzito, eGFR, asilimia ya R hadi R, eneo, mzingo, vipenyo viwili, urefu wa koronari mbili, upana wa sinasi, mahali pa kalsiamu, mishipa ya paja, na kiasi cha kontrasti alichopewa na saa aliyopewa, ili wanaompokea wajue lini wampime kreatinini tena.